Mnyororo Haukukatika

Kuna kijitabu kimetolewa cha historia ya mashindano ya baiskeli ya taifa, yale ya kuzunguka nchi siku kadhaa, leo wanalala mji huu, kesho mji ule. Mtendaji wa kata aliniletea nakala kwa sababu imetaja barabara yetu, ya kutoka Kasesya mpakani, kupita Matai, mpaka Sumbawanga mjini. Mimi niliishia darasa la pili, kwa hiyo nilikisoma kwa kidole, siku mbili. Kurasa nyingi ni picha za wageni rasmi wakikata utepe. Baiskeli zimo, ukizitafuta. Karibu na mwisho ndipo nilipokutana na maneno yaliyoniudhi: kwamba kijana wa kijiji cha Mwazye, aliyekuwa akiongoza peke yake, alipoteza ushindi “kutokana na hitilafu ya mnyororo.”

Mnyororo haukukatika. Ulikuwa mzima, una grisi yake. Hitilafu ilikuwa mimi.

Lakini nisikimbilie huko. Mara ya kwanza walipopita kwetu barabara ilikuwa ya vumbi. Tulitangaziwa saa tatu asubuhi, tukafunga maduka, yaani yote mawili. Wao wakatokea saa tisa alasiri. Mbele magari, katikati magari, nyuma magari, na ndani ya lile vumbi baiskeli kama kumi hivi, za kawaida kama yangu ila zimevuliwa madigadi. Mmoja alisimama kwa mke wangu akaomba maji. Akapewa togwa. Akaomba tena. Mpaka leo sijui kama alifika, ila kikombe alirudisha. Mwaka ule mshindi aliamuliwa na dume la ng'ombe la jirani yangu Msukuma. Lilisimama katikati ya njia likagawa msafara: waliokwisha kupita wakaenda zao, wa nyuma wakabaki wanalibembeleza. Kijitabu kinasema mshindi alitumia “mbinu za kitaalamu.” Dume halikutajwa.

Baadaye ikaja lami, na baiskeli nyembamba kama mbu, na waendeshaji wenye nguo za kubana ambazo mke wangu alisema hawezi kuziangalia, huku anaziangalia.

Sasa nieleze ugomvi wangu na baiskeli. Kwetu Ufipa mtu akimkuta mkubwa wake njiani hapiti yuko juu ya baiskeli kama anafukuzwa. Anashuka, anaegesha, anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anaulizwa habari za kwao na anazijibu zote. Vijana wa siku hizi wanapita na bodaboda, shikamoo wanaitupa nyuma kama ganda la ndizi. Basi kwenye harusi moja, mbele ya watu, na pombe ilikuwa ya kiasi tu, nikasimama nikasema: atakayenipita na baiskeli bila kushuka, binti yangu hamwoi, awe nani. Nilikuwa namsema mtu mwingine kabisa. Wiki mbili baadaye nikaletewa barua ya posa, na mposaji ni mwendesha baiskeli wa mashindano.

Ndiye huyo wa Mwazye. Miguu yake aliipata kwa kubeba sukari na sabuni kutoka Kasesya, kabla bodaboda hazijawanyang'anya kazi watu wa baiskeli. Aliingia mashindano ya taifa, na walimu wa timu wakamwambia: ukishinda siku ile ya kwenu, ya Kasesya mpaka Sumbawanga, tunakuchukua timu ya taifa. Na siku ile ya kwao inapita mlangoni kwangu.

Kijiji kizima kikawa na swali moja. Dukani hawakuniuliza tena habari za mvua.

“Mzee, keshokutwa mkweo anapita. Atashuka?”

“Neno langu ni lile lile.”

“Na timu ya taifa nayo ni ile ile. Akishuka kaikosa timu, asiposhuka kakosa mke. Wewe mzee ni kizuizi cha barabarani, ungepakwa rangi nyekundu na nyeupe.”

Nyumbani mke wangu alikuwa na dawa rahisi. “Kaa ndani. Asipokuona hatashuka.”

“Nikae ndani kama mwali?”

“Kama mwali. Na uji nitakuletea.”

Ningemsikia, nisingekuwa na la kuandika. Lakini nilitaka kumwona akiwa wa kwanza. Na niseme ukweli, nilitaka pia watu wanione nikimwona.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na shamba la mfanyabiashara mmoja kutoka Mbeya, mahindi yamekauka yanasubiri kuvunwa. Nikavaa koti langu la kanisani, nikaingia mistari minne ndani, nikachuchumaa. Nitamwona, hataniona. Ila mahindi makavu ni kama karatasi. Ukipumua tu yanakusema. Na mimi sikujua kwamba yule bwana alikuwa ameibiwa viroba viwili wiki ile, na siku hiyo alikuwa analinda.

“Mwizi! Mwizi wa mahindi huyu hapa!”

Nikashikwa kola. Watu waliokuja kutazama baiskeli, ambazo hazijafika, wakaona bora watazame hiki kilichofika. Nikaburutwa mpaka kwenye lami, koti limejaa makapi.

“Jamani, ni mimi!”

“Wewe nani?”

“Mimi!”

“Hata mwizi wa juzi alisema ni yeye.”

Ndipo pikipiki ya polisi ikapita na king'ora chake, na nyuma yake, juu ya kilima, akatokea mtu mmoja peke yake. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Alikuwa amewaacha mbali mno. Akaona kundi, akaona koti, akafunga breki mpaka tairi likalia.

“Mwacheni! Huyo ni baba mkwe wangu!”

Wakaniachia. Akaegesha baiskeli, akachuchumaa palepale kwenye lami na ile nguo ya kubana, akapiga makofi taratibu.

Hapo nilitakiwa kusema neno moja: nenda. Lakini midomo yangu imeifanya kazi hiyo miaka yote, haingoji kichwa.

“Mwazye hawajambo?”

“Hawajambo, baba.”

“Mama, mguu wake?”

“Umepata nafuu, baba.”

“Maharage?”

“Yametoka vizuri, baba.”

Kwenye maharage akapita wa kwanza, fyuuu. Nilipouliza mahindi wakapita watatu kwa pamoja. Kijana hakugeuza shingo. Maji yalikuwa yanadondoka usoni kwake, na sidhani yote yalikuwa jasho.

“We mzee!” mke wangu akapiga kelele toka ng'ambo. “Mwachie mtoto wa watu!”

Nikazinduka. “Nenda! Nenda, baba!”

Na unajua alifanya nini? Akaomba ruhusa kwanza. Nikampa. Akapanda, wa tano akiwa amekwisha kupita. Akafika Sumbawanga wa sita.

Walimu wakamuuliza kulikoni. Akasema mnyororo. Hakutaka itangazwe kwenye vipaza sauti kwamba mkwewe alitolewa kwenye mahindi ya watu. Timu ikamwacha.

Binti nilimpa, bila maneno mengi. Kabla ya harusi binti alinipikia mwezi mzima bila kunisemesha. Chakula kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililouma. Halafu mashindano yakarudi, njia ile ile. Nikamwita mkwe wangu nikamwambia ile amri nimeifuta, apite tu.

“Wewe unaweza kuifuta, baba,” akasema. “Mimi nikikuona uso, miguu inashuka yenyewe.”

Kukaa ndani nilishakataa, mahindini sirudi. Basi siku hiyo nikasimama kando ya lami mchana kweupe, nimeipa barabara mgongo, uso shambani. Salamu inahitaji uso. Watu walicheka mpaka wakachoka. Nikasikia king'ora. Nikasikia matairi yanaimba kwenye lami. Nikakaza shingo. Halafu nyuma yangu nikasikia makofi: pa, pa, pa, taratibu, yakipita yanakwenda.

“Mwazye hawajambo?” nikayauliza mahindi.

“Alikuwa wa kwanza,” mke wangu akasema. “Kaachia usukani kukupigia makofi kilimani, wa nyuma kampita.”

Akamaliza wa pili. Walimu wa timu wakamchukua hata hivyo, wakisema mtu anayeshuka kilima kile kaachia mikono yote miwili hawawezi kumwacha Rukwa. Sasa hivi yuko kambini, na binti yangu amerudi kunisemesha, mara nyingine mpaka namwomba apumzike.

Lakini kijitabu, ukurasa unaofuata ule wa mnyororo, kinasema mwaka huo alipoteza nafasi ya kwanza “kwa kushangilia ushindi mapema.” Kushangilia! Watakaokichapa upya waandike kwamba alikuwa anamsalimia mkwewe. Na lile dume la jirani yangu nalo walitaje.