Shubiri Moja ya Waya

Mama yangu ameshona sare za shule kwa miaka thelathini na minne, na kwa miaka mitatu ya mwisho ameshika bawa la ndege. Kazi ya kwanza aliichagua mwenyewe. Ya pili aliletewa nyumbani na mume wake.

Baba alikuwa fundi wa vifaa vya hospitali. Wenzake walipostaafu walifuga kuku. Yeye alijifungia kwenye banda la gari miaka sita, akatoka na ndege ya watu wawili, ya mbao, mabomba ya alumini na kitambaa. Kitambaa cha mabawa kilishonwa na Mama kwa cherehani ileile ya sare. Inaruka, imekaguliwa, na Baba ana leseni. Nayasema haya mapema kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza hayo kwanza.

Uwanjani hatuna pa kuilaza, kwa hiyo inaishi nyumbani. Kiwiliwili kiko bandani. Mabawa yako sebuleni, yamesimamishwa nyuma ya kochi, na mgeni akiegemea sana huombwa akae wima. Kila Jumamosi asubuhi tunavipakia vyote kwenye tela, mume wangu anavuta kwa pikapu yake mpaka uwanja wa nyasi nje ya mji, na huko tunaivisha ndege mabawa.

Hapo ndipo ilipokuwa patashika. Kila bawa lina nyaya tisa: za taa ya ncha, nyekundu kushoto na kijani kulia, za taa ya kutua, za geji ya mafuta, za king'ora cha kumwonya rubani. Zote zilifungwa moja moja kwa skrubu ndogo kama mbegu ya papai. Na Baba, ambaye si mkono wa birika kwa lolote jingine, kwenye waya alikuwa bahili wa kutisha. Uzito! Gramu! Alikata kila waya ukaishia palepale unapohitajika, bila hata ukucha wa ziada. Kwa hiyo ilibidi bawa lishikiliwe hewani, kiganja kimoja kutoka kwenye kiwiliwili, wakati yeye ameingiza mikono katikati anahangaika na skrubu. Tisa kushoto, tisa kulia. Aliyeshika ncha alipaswa kutulia tuli.

Aliwahi kutengeneza kigoda cha mbao cha kushikilia ncha. Kikayumba kwenye nyasi, kikaanguka, kifuniko cha taa nyekundu kikavunjika. Basi akachukua futi akatupima sote kutoka chini mpaka kiwikoni. Mimi nikaonekana mfupi. Mume wangu alikuwa mrefu mno, halafu nyasi zinampigisha chafya. Mama akatoshea barabara, na mkono uliozoea kutunga uzi kwenye sindano hautetemeki.

Hivyo alishika, Jumamosi baada ya Jumamosi. Skrubu kumi na nane zilipokwisha kukazwa, Baba aliruka mzunguko mmoja peke yake kuhakikisha kila kitu kiko sawa, akatua, na kufikia hapo ilikuwa saa nne, upepo umeamka, abiria hapandi tena.

"Wiki ijayo, mke wangu."

Miaka mitatu ya wiki ijayo. Mara moja tu upepo ulichelewa, na siku hiyo Mama alikuwa amebaki nyumbani kumalizia sare za kufungua shule. Nilishika ncha mimi, nimesimama juu ya kreti la soda, akapanda mume wangu. Nilimnunia siku mbili. Aliuliza kosa lake ni lipi, nami nikashindwa kulitaja, nikaendelea kununa.

Sasa, Jumamosi moja tuliporudi, Mama aliinua mkasi wake mkubwa, bega likakataa. Akauweka chini, akasema taratibu:

"Jumamosi ijayo ndiyo yangu ya mwisho kushika hilo bawa. Nikiruka, nimeruka. Nisiporuka, nabaki na sare zangu, wala sitaki kuisikia tena habari ya kuruka."

Mama akifoka, mambo huisha kabla chai haijapoa. Akisema taratibu, amekata kauli. Baba alikaa kama aliyemwagiwa maji. Ndege ile aliiwekea viti viwili, na cha pili kilikuwa cha mtu mmoja tu.

Akaenda bandani, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na plagi mbili za chuma na soketi zake za kuzipokea. Nyaya zote tisa zinaingia kwenye plagi moja, ina mfuo pembeni ili usiweze kuichomeka vibaya, unaizungusha kidogo inajifunga.

"Umezipata wapi?" Mama akauliza.

"Ninazo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Nilikuwa natafuta nafasi."

"Mwaka mzima, na mimi nimeshika bawa?"

Baba akaanza kutafuta miwani yake. Alikuwa ameivaa.

Jumatatu mabawa yalilazwa kwenye meza ya Mama ya kukatia vitambaa. Baba akaanza kupima nyaya mpya. Mama akasimama nyuma yake, utepe wa kupimia shingoni.

"Huu mbona umekatwa pumzi?"

"Unatosha kabisa."

"Unatosha leo. Mimi sikati suruali ya mtoto bila kuacha pindo."

"Mama watoto, ndege haikui."

"Haikui, lakini fundi hukosea. Ongeza shubiri."

Walibishana mpaka wakaleta mizani ya jikoni. Shubiri moja kwenye nyaya zote kumi na nane ilikuwa gramu kumi na saba. Kimkasi cha Mama cha kukatia nyuzi kilikuwa kizito zaidi. Baba akafura, lakini mizani ni ya kwake mwenyewe, atasema nini? Wakafunga kila waya mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, wakavuta huku na huku mpaka ukapita ndani ya bawa zima, kama unavyopitisha lastiki kiunoni mwa kaptula. Mama ndiye aliyevuta. Baba alikuwa anasema "polepole," na Mama anajibu "najua."

Alhamisi nilipitia nyumbani nikitoka kazini. Baba alikuwa amemaliza bawa la kushoto. Pini tisa zimebanwa kwa koleo, kila moja imekaa mahali pake, vitambulisho vyote vimeandikwa kwa mwandiko wake wa hospitali.

"Umeona kazi hiyo?" akaniuliza.

Niliona, nikasifu. Mama naye alikuwa anatazama kitu cheusi chenye tundu, kilichokuwa mezani karibu na kibweta cha nyuzi.

"Hii nayo ni ya nini?"

Baba akageuka. Kilikuwa kofia ya plagi, ile inayofunika nyuma na kubana nyaya zisivutike. Kofia huvishwa kwenye nyaya kwanza, kabla ya pini. Pini zikishakaa ndani ya plagi, haipiti tena. Miaka arobaini ya kufunga plagi za mashine za hospitali, na kofia iko mezani!

Dawa ilikuwa moja tu: kukata pini zote tisa na kuanza upya, na nyaya zingepungua urefu wa vidole viwili. Kwa kipimo chake cha mwanzo nyaya zisingefika. Ingebidi kuvuta nyingine upya, na Jumamosi ingekwenda na maji.

Mama akachukua kikato cha waya, akampa.

"Kata. Pindo lipo."

Baba akakata. Kila waya ulipoanguka alisema "loo," mara tisa. Wa mwisho ulipoanguka, Mama ndiye aliyeanza kucheka, tukavunjika mbavu sote watatu.

"Msimwambie mtu," Baba akasema, anafuta machozi.

Ijumaa mkaguzi alikuja, mzee wa taratibu anayevuta kila waya kana kwamba anakamua mbuzi. Aliwasha taa, akazima, akawasha tena, akaweka sahihi. Akasifu jinsi nyaya zilivyoachwa na nafasi ya kutosha. "Wengi huzibana," alisema. Baba akashukuru bila kumtazama Mama.

Jumamosi tulifika uwanjani saa moja na nusu. Bawa la kulia likaingia moja kwa moja, mume wangu akasukuma vyuma viwili vya kulifunga, Baba akapitisha mkono kwenye kidirisha cha ubavuni mwa kiwiliwili, akachomeka, akazungusha. Tik. Tukahamia la kushoto. Tik. Dakika kumi hazikufika. Mfuko wa upepo ulining'inia kwenye mlingoti, hauchezi hata ncha.

Mama alikuwa bado ameshika ncha, macho kwenye nyasi, kama kawaida yake.

"Achia," Baba akamwambia.

"Nani ameshika?"

"Hakuna. Limejishika lenyewe."

Hakuamini. Aliachia kidole kimoja, kisha kingine, mikono ikabaki hewani chini ya bawa kwa muda. Bawa halikwenda popote. Nilijikaza, lakini machozi yalinitoka, na mume wangu akasingizia chafya.

Baba aliruka mzunguko wake, akatua, akazima injini. Mfuko wa upepo bado ulikuwa umelala. Mama akapanda na utepe wake shingoni. Waliondoka, wakawa wadogo, wakapita juu yetu mara mbili.

Aliposhuka nilimkimbilia. "Umeona nini huko juu?"

"Bawa."

"Mama! Mji mzima uko chini yako, wewe unatazama bawa?"

"Mji nitauona siku nyingine," akasema. "Miaka mitatu nimelishika hilo. Leo nilitaka kulitazama likinishika mimi."

Kisha akamgeukia Baba, aliyekuwa ameshaanza kufungua kidirisha cha plagi.

"Hebu acha hiyo. Upepo bado umelala. Twende tena."