Kofia ya Mgeni wa Dar es Salaam

Wasomaji wangu, nimefedheheka, na bora mlisikie kwangu kuliko sokoni. Kitabu changu cha watoto, kinachofundisha kupokea wageni, kimetoka mwezi huu. Tukawaalika majirani wa hapa Chemchem na watoto wao waje wasomewe. Watu wa elimu wakasema watamtuma bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, aamue kama kinafaa kusomwa shuleni.

Wa Dar es Salaam, basi ni Mzaramo, nikajiambia. Na sisi Wanyamwezi ni watani wao tangu enzi za misafara ya pembe. Mtani hapokewi kwa adabu. Hutukanwa, akanyang'anywa kitu, na hapo ndipo anajua amefika kwao.

Nikawa nakaa, nasimama, nachungulia barabarani, mpaka alipoingia bwana mwenye kofia nyeusi. Nikaipora kofia, nikaivaa.

"Mzaramo mvivu wee, nazi zimekwisha pwani, umekuja kula asali yetu?"

Watoto wakacheka. Yeye akapapasa kichwa kitupu. Nikadhani anatafuta jibu kali, basi nikakalia kiti tulichomwekea na kuanza kumtukania babu yake.

"Bwana mwandishi," akasema taratibu, "mimi ni Mhaya. Dar es Salaam nimepelekwa na kazi tu."

Akachukua kitabu changu mezani, akawasomea watoto ukurasa wa kwanza: "Mgeni akifika, mpe kiti, mpokee mzigo, ndipo umuulize atokako."

Watoto wote wakageuka kunitazama, nimekaa kwenye kiti chake, kofia yake kichwani mwangu.