Saruji Ndani ya Pawa Saplai

Mama Bisibisi, fundi wa kompyuta, aliletewa na shemeji yake pawa saplai mpya, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Shemeji alikuwa amenunua kadi kubwa ya kuchezea gemu, na saplai ya zamani haikuimudu.

"Imeandikwa wati mia saba na hamsini," alisema. "Halafu nzito, shika mwenyewe."

Mama Bisibisi aliitikisa, akakunja uso, akaifungua. Nyaya zilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea, na pembeni lilibandikwa bonge la saruji la kuongeza uzito.

"Umeinunua wapi?"

"Kwa mzee aliyekufundisha kazi."

Aliipeleka dukani kwa mzee, akamwamkia, wakapeana mikono, kisha akaiweka wazi mezani. Mzee hakushtuka hata kidogo.

"Mwanangu, wateja wanapima kwa mkono. Mimi nawapa wanachotaka."

"Na ikiwaka moto chumbani kwa mtu?"

"Atakuja kununua nyingine."

Mama Bisibisi aliufuta mkono wake kwenye gauni, mara mbili, akatoka bila kuaga. Alimchagulia shemeji saplai nyingine kwenye duka jingine. Tangu siku hiyo, akiulizwa nani alimfundisha ufundi, hukwepa swali na kuuliza kompyuta ina tatizo gani.