Mjane Asiyefanana na Karte Yake

Odile hakuwa mtu wa kupendwa, na tuliseme hilo mapema ili msije mkamwonea huruma ya bure. Alikuwa na mdomo. Sokoni Kalemie, alikouza ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, mteja aliyewabonyeza samaki bila kununua alitukanwa yeye na ukoo wake wote. Mumewe Kalenga, fundi wa reli, alikuwa mpole kupita kiasi, na watu walisema alipenda kupangiwa zamu za mbali, za Nyunzu, kwa sababu kule angalau alipata kimya. Masengenyo tu. Kalenga alimpenda mke wake, akamjengea kwa mikono yake nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mabati, kule mtaa wa Lubuye. Mtoto hawakupata.

Mwaka wa 1982, ule wa kuchagua wajumbe, Kalenga alikufa kwa homa. Walipotoka makaburini, ndugu yake mdogo, Mwamba, aliingia ndani ya ile nyumba akaanza kugonga kuta kwa vidole, asikie kama ni imara. Machozi yalikuwa hayajakauka usoni mwake, kama yalikuwepo.

Katika ukoo wao, mtu akifa lazima apatikane wa kukaa mahali pake. Huyo anachukua jina la marehemu, mjane wake na mali yake, vyote pamoja, na hutajwa na wakubwa wa jamaa siku ya kumaliza matanga. Mwamba alijiona ameshatajwa. Nyumba aliitaka sana. Odile hakumtaka hata kidogo, na Odile naye alitangaza wazi kwamba afadhali alale na mamba wa mto Lukuga.

Mkubwa wa jamaa alikuwa dada yao, Émérence, mzaliwa wa kwanza, ambaye tangu siku ya harusi hakuwahi kumsemesha Odile vizuri. Yeye ndiye aliyemnyoa mjane, kama desturi ilivyotaka, kwa wembe mkavu, bila haraka na bila huruma. "Lia basi," alimwambia. "Si ulizoea kelele?" Odile alikaa mkekani na kitambaa cheusi, kichwa kitupu, akikonda, akiwaza jambo moja tu: nyumba iandikwe kwa jina lake kabla ya matanga kuisha.

Kwa hilo alihitaji karte, maana biro ya nyumba, ofisi ya kuandikisha wenye nyumba, haikumsikiliza mtu asiye na kitambulisho chenye picha. Karte alikuwa nayo, ila mwaka ule karte bila muhuri wa kura ilikuwa taabu tupu. Askari waliidai bandarini, waliidai stesheni, wakakuweka pembeni mpaka utoe kitu. Kwa hiyo siku ya kura Odile alitoka matangani, akajipanga kwenye mstari wa wanawake.

Mkubwa wa biro ya kura alikuwa mgeni, mtu aliyevaa abakosti, ile suti ya serikali isiyo na tai, na aliyechukia jua la ziwa. Aliipokea karte, akaitazama picha. Ilimwonyesha mwanamke mnene wa mashavu, nywele zimesukwa kwa uzi mweusi na kusimama juu ya kichwa, mdomo kama unataka kumsuta mpiga picha. Kisha akamtazama aliyesimama mbele yake.

"Citoyenne, hii karte ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Wa kwenye foto iko na nywele. Iko munene. Na wewe?"

"Bwana yangu alikufa, wakaninyoa. Kwenu watu hawakufe?"

Hapo alijiponza mwenyewe. Uso wa yule mkubwa ulikunjika. Majirani wawili watatu walipaza sauti kwamba ndiye: "Njo yeye! Njo Mama Odile wa ndagala!" Wengine, waliowahi kutukanwa sokoni, walinyamaza na kufurahia. Yule mkubwa akasema majirani hawamtoshi, anataka mtu wa jamaa.

Mwamba alikuwepo, kwenye mstari wa wanaume. Odile alimchukia, lakini alipomwona alipumua. Jamaa ni jamaa, aliwaza, hata huyu hawezi kunikana.

"Papa Mwamba, wambie basi."

Mwamba akaja, akaitazama karte, akakitazama kile kichwa kitupu. Aliifikiria biro ya nyumba. Asiye na karte hataandikisha kitu.

"Muke wa ndugu yangu njo wa kwenye foto," akasema. "Huyu mama simujui."

"Una hakika?"

"Mbele ya watu wote. Huyu si wa jamaa yetu."

Karte ikazuiliwa. Askari akamsukuma Odile nje ya mstari. Alirudi mkekani na chuki yake.

Siku ya kumaliza matanga Mwamba alifika na shati jipya. Aliketi karibu na kiti cha marehemu, kilichoachwa wazi, akangoja kuitwa. Émérence alisimama mbele ya jamaa yote.

"Mwamba, mimi njo nilinyoa huyu muke, na mukono yangu. Kama si muke wa Kalenga, nilinyoa kichwa ya nani?"

"Yaya, ile ilikuwa mambo ya karte," Mwamba akamwambia dada yake, akicheka kidogo. "Mambo ya serikali tu. Ya jamaa ni ingine."

"Ulisema mbele ya watu wote. Mwenye kukataa mujane amekataa na kiti."

Mwamba alipiga kelele, akaapa, akawatazama wazee mmoja mmoja, nao wakatazama chini. Émérence akajikokota, akakikalia kiti cha Kalenga yeye mwenyewe.

"Nyumba niko na yangu," akasema. "Huyu akae mule na mudomo yake. Simupendi, lakini ni wetu."

Kesho yake alikwenda kushuhudia kwa wakubwa wa serikali, akaipata ile karte, akamtupia Odile mapajani. Tangu hapo wakikutana njiani hakumsalimia. Odile hakushukuru, akaenda moja kwa moja kuandikisha nyumba.

Nywele zake zilikuwa zimesharefuka kiasi cha kusukwa pale upepo wa ziwa ulipong'oa paa la Mwamba. Alikuja Lubuye na mvua, mkewe na mizigo nyuma yake.

"Shemeji, tusaidie na chumba kimoja."

Odile alisimama mlangoni, akanyoosha mkono.

"Leta karte."

Mwamba alidhani ni mzaha. Aliitoa mfukoni. Odile akaishika, akaitazama picha, akaitazama sura ile iliyolowa, tena picha, bila haraka.

"Wa kwenye foto namujua," akasema, akairudisha. "Wewe, Papa, hapana."

Akafunga mlango.