Kilichokuwa Kikiwaua Kamba wa Bibi

Mkono wake wa kulia umezama majini hadi kwapani, na shavu limegusa kioo. Ukimtazama kutoka mlangoni utadhani amepitiwa na usingizi. Macho ameyafumba. Anapapasa kwa vidole, polepole, akitafuta uchafu uliojificha nyuma ya jiwe.

Chumba kizima ni cha buluu. Mapazia yamefungwa, taa ya tangi inawaka, na mwanga wa maji unatembea darini, unashuka ukutani, unafika mpaka kwenye blanketi la Bibi aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Pampu inanguruma taratibu, kama mtu anayekoroma chumba cha pili.

"Humu ndani mtu anasahau hata leo ni siku gani," anasema fundi bila kufumbua macho. "Nikitoka nje jua linanishtua."

Mtaani wanamwita Mama Koki. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi bomba, na hakuna koki ya mtaa ule ambayo hakuifungua. Goti lilipogoma kupanda ngazi, mteja mmoja akamwomba amwangalizie tangi la samaki wiki mbili. Wiki mbili zimekuwa miaka sita. Leo ana matangi tisa kwenye nyumba tisa, na anayazungukia kwa miguu, ndoo mbili mkononi.

"Si kazi ya kujengea ghorofa," anasema. "Kodi inalipika, ada ya shule inalipika, kinachobaki ni cha kununulia chumvi."

Tangi la Bibi ni la maji ya chumvi, lita mia mbili na arobaini. Bibi alikuwa mkunga. Tangu miguu yake ikatae, mchana wake wote unapita mbele ya kioo hiki. Na hapendi samaki sana.

"Samaki wananikimbia," anasema. "Kamba ndiye aliyekuwa ananijua."

Alikuwa kamba mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni na ndevu ndefu nyeupe. Kazi yake ni kuingia vinywani mwa samaki na kuwasafisha meno, kwa hiyo Bibi alimpa jina la Daktari. Bibi akiweka kidole majini, Daktari alikuwa anakuja, anakisafisha kucha, taratibu, kama ana miadi.

Kisha vifo vikaanza. Konokono walikuwa wa kwanza. Walidondoka kwenye kioo mmoja mmoja, wakalala chali. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, akaanza kukatika mikono, mpaka akayeyuka kama sabuni. Asubuhi moja Daktari naye akakutwa amelala ubavu.

Bibi alinunua Daktari wa pili, kwa bei ya kilo nne za nyama. Akaishi siku nne. Wa tatu hakumaliza hata siku mbili. Lakini samaki waliendelea kuogelea kama hakuna msiba.

Bibi akatafuta wa kumlaumu, na hakwenda mbali. Akamshika Dada, mwanamke anayepika, anayesafisha na anayemnyanyua kitandani kila asubuhi. Kosa lake ni kupuliza dawa ya mbu kwenye korido.

"Nilipuliza mlango umefungwa!" anasema Dada.

"Dawa inajua mlango?" Bibi alimjibu siku hiyo. "Mwisho wa mwezi ufunge mizigo yako."

Zilikuwa zimebaki siku nane. Chakula kiliwekwa mezani bila karibu, sahani ikaondolewa bila ahsante.

"Miaka kumi na moja namnyanyua," anasema Dada, akikunja nguo iliyokwisha kukunjwa. "Halafu nafukuzwa kwa ajili ya mdudu wa kwenye kioo."

Mama Koki akajikuta katikati. Alipima chumvi, iko sawa. Joto, sawa. Uchafu, hakuna. Akachota ndoo moja ya maji ya lile tangi, akaenda nayo kwake, na pembeni akachanganya ndoo nyingine ya maji mapya ya chumvi. Akatia konokono wawili kila ndoo.

"Niliziweka chumbani kwangu. Mume wangu akaniuliza, tumeanza kufuga ndoo?"

Asubuhi konokono wa maji mapya walikuwa wamepanda hadi ukingoni. Wale wa maji ya Bibi walikuwa chini, chali. Sumu ilikuwemo kwenye maji. Lakini sumu gani?

Hapo ndipo alipokwenda jikoni kumuuliza Dada kitu ambacho hakuna aliyemuuliza. Mara ya mwisho alipuliza lini?

"Wiki tatu nyuma," Dada akasema. "Yule kamba wa tatu amenunuliwa na kufa mimi sipo. Nilikwenda kumuuguza mdogo wangu siku tano. Bibi anasema dawa ilibaki humo humo."

Mama Koki akampigia simu muuza samaki wa mapambo. Muuza samaki akamuuliza kama amepima shaba.

"Nilicheka," anakumbuka. "Nikamwambia, shaba? Nani ametia sufuria kwenye tangi?"

Alikata simu bado anacheka. Alipofika njia panda kicheko kikamkauka mdomoni. Akageuka, akarudi kwa Bibi karibu anakimbia, goti na maumivu yake.

Alilala chali chini ya tangi, ndani ya kabati la pampu, na tochi mdomoni. Miezi miwili nyuma bomba lililo pale lilivuja, likalowesha zulia. Tangi lilikuja na kiungo chake cha akiba, cha plastiki. Yeye akakitupa. Akatoa kwenye sanduku lake la zamani kiungo cha shaba, akakikaza kwa spana.

"Plastiki nilikuwa naidharau. Fundi bomba anayejijua haungi kwa plastiki. Nikamwambia Bibi, hapa hapavuji tena mpaka tuzeeke."

Kweli hapakuvuja. Lakini maji ya chumvi yalikuwa yanakila kile kiungo kidogo kidogo. Tochi ilionyesha ukoko wa kijani. Aliugusa, kidole kikatoka kijani. Akaenda kununua dawa ya kupimia, akadondosha matone kwenye kichupa cha maji ya tangi, na maji yakageuka rangi ya waridi. Shaba. Samaki wanaivumilia kidogo. Kamba, konokono na wenzao wasio na uti wa mgongo hawaiwezi kabisa.

"Ningeweza kunyamaza," anasema. "Kubadilisha kiungo ni dakika kumi. Nilirudi kulala pale chini, naangalia ule mwanga unavyochezacheza juu yangu. Pazuri, kusema kweli. Nikawa nasikia Dada anaburuta sanduku lake."

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Akakifungua kile kiungo, akafunga kipya cha plastiki. Kisha akawaita wote wawili, akakiweka cha shaba kwenye blanketi la Bibi.

"Muuaji huyu hapa. Aliyemleta ni mimi."

Bibi alikigeuza geuza muda mrefu. "Mama Koki wewe! Watu tunaita fundi, kumbe tumeita jeneza."

Dada akacheka. Kisha akajifunika uso kwa khanga.

"Dada," Bibi akasema, "nimekukosea. Sina miguu ya kukufuata jikoni, ndiyo maana nakuambia hapa hapa. Nisamehe."

"Nimesikia, Bibi," akasema Dada, akarudi zake jikoni. Hakuondoka mwisho wa mwezi. Lakini sanduku lake lilikaa nyuma ya mlango, limefungwa.

Bibi akatoa agizo moja. Hakiingii kiumbe kingine majini mpaka Dada aseme.

Tangu hapo Mama Koki huja kila siku ya tatu, bila malipo. Anatoa maji, anaweka mapya, anabadilisha makaa ya kuchujia, kwa sababu hata mawe yalikuwa yamekunywa shaba. Amepima mara tano, na mara mbili za mwisho kichupa kimebaki cheupe.

Mpango wake ni kuanza na konokono, kwa kuwa ndio waliotangulia kufa. Konokono akimaliza wiki mbili salama, ndipo aje Daktari mwingine.

"Natamani nimwone Bibi ametia kidole majini tena," anasema, akijifuta mkono kwa taulo. "Lakini neno si langu."

Dada anaingia na chai. Anamwekea Bibi kikombe, anamvutia blanketi vizuri magotini. Anapotoka anasimama mbele ya kioo, uso wake wote buluu.

"Unaleta konokono wangapi?"

"Mmoja tu, wa majaribio."

Dada anagusa kioo kwa ncha ya kidole.

"Mmoja atakuwa mpweke," anasema. "Lete wawili."