Watoto Walipokuwa Kwenye Mengineyo

Saa moja na dakika ishirini asubuhi nilikuwa nimeshasimama mbele ya mlango wa masjala, hapa Same, na mlango ulikuwa bado umefungwa. Mkuu wa masjala, mama mmoja wa Gonja, alifika saa moja na nusu, akanitazama viatu kabla ya kunitazama usoni. Nilimwamkia.

"Marahaba. Umekuja kazini au umekuja kushitaki?"

Nikamjibu kwamba nimekuja kazini.

"Basi wewe ni Mpare wa kwanza kufika mlango huu bila kesi," akasema, akafungua kufuli.

Ndivyo nilivyoanza utumishi serikalini, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na cha kupiga taipu. Kwa vijana ambao leo hupokea barua kwenye simu, nieleze kidogo. Masjala ni chumba ambamo barua zote za ofisi huingia, hugongwa muhuri wa tarehe, hupewa namba ndani ya faili, kisha hupelekwa kwa mhusika. Mama wa Gonja hakutaka barua ilale. Ile iliyomhusu mgonjwa, mfungwa au mtoto hakumpa tarishi. Aliibeba mwenyewe kupanda ngazi, ingawa miguu ilimsumbua, na alisimama mezani kwa bwana mkubwa mpaka isomwe. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi wenye vyeo virefu kuliko chake. Yeye ndiye ninayemkumbuka kila ninaposikia harufu ya wino wa mihuri.

Baadaye nilihamishiwa Gonja kuwa karani wa Katibu Tarafa, kisha nikakaa miaka kadhaa juu Mhezi, ambako ukungu uliingia ofisini bila kubisha hodi na karatasi za kaboni zilinata kwa unyevu. Nilikuwa na furaha huko. Jioni zilikuwa ndefu, watu walikuwa wachache, na kila niliposhuka mnadani Same nilirudi na vitabu vya mitumba, hasa vya sheria na mikataba ya nchi na nchi. Vingi vilikuwa vya Kiingereza. Nilivisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa siku, huku makande yakichemka. Katika mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto kuna kifungu nilichokikariri: kwamba mtoto wa jamii ya wachache asinyimwe kuishi na watu wake na kutumia lugha yake. Wakati ule nilikikariri kwa sababu kilikuwa kifupi.

Niliporudishwa Same nilipewa kazi iliyonikaa mpaka mwisho: mwandishi wa vikao vya ujirani mwema. Hivi ni vikao vya viongozi wa wilaya za mpakani, sisi na wenzetu wa upande wa Kenya, mara huku, mara kule. Mkuu wangu wa wakati huo, mwanajeshi mstaafu mwenye sauti ya gwaride, aliniita siku ya kwanza akanionyesha dirishani.

"Mbwambo, unadhani mambo ya nje yako Dar es Salaam?"

Nikasema ndivyo nilivyosoma.

"Yako nyuma ya mlima huo. Kule wanaandika sera. Huku ng'ombe anavuka."

Alisema kweli. Ajenda zetu zilikuwa na mpangilio usiobadilika. Baada ya kufungua kikao yalifuata yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kikao kilichopita. Kisha mifugo iliyopotea au kuibwa, malisho, samaki wa Ziwa Jipe, na magendo. Mwisho kabisa ilikuwa ajenda iitwayo Mengineyo, ambamo hutupwa kila kisichokuwa na mahali. Kufikia hapo wajumbe walishanusa pilau, na mambo ya Mengineyo yalikwisha kwa sentensi moja: "Tunaomba wahusika wafuatilie." Watoto waliovushwa mpaka walikuwa Mengineyo.

Kwa mifugo tulikuwa hodari. Ng'ombe akivuka, mwenyewe alitoa taarifa, wenzetu walimtafuta, akaletwa mpakani upande wa Kwakoa, kwa kuwa sisi wa Same tunapakana na Kenya kwenye mbuga ya Mkomazi na huko hakuna njia ya watu. Mwenye mali alisimama hapo, akasema kwa lugha yake jinsi anavyomjua ng'ombe wake, mbele ya yule aliyekutwa naye. Wiki tatu, nne, jambo limekwisha, na watu wanataniana. Mjumbe mmoja wa kule alikuwa akisema, "Tuwape haraka Wapare hawa, wasije wakatushitaki hata kwa kwato."

Asubuhi moja alikuja ofisini mama mfugaji wa Kimaasai kutoka tambarare, Mama Nasieku. Nilikuwa namfahamu. Mfanyabiashara wa ng'ombe alikuwa amemchukua binti yake Nasieku, mtoto wa kama miaka tisa, kwa ahadi kwamba atamsomesha kule ng'ambo. Safari hiyohiyo aliondoka na mitamba miwili ya baba wa mtoto kwa mkopo ambao hakuulipa. Taarifa za mitamba na za mtoto nilizichukua siku moja, kwa kalamu moja. Mama alikaa kwenye benchi, akakunja shuka lake vizuri.

"Ng'ombe nimepata. Asante," alisema. "Sasa mtoto yangu, nani ataleta?"

Mitamba ilikuwa imerudi ndani ya wiki tatu. Mtoto alikuwa na mwezi wa saba bila kurudi.

Hakuna mtu aliyekuwa amelala. Njia ya mtoto ndiyo ilikuwa ndefu. Barua hutoka wilayani kwenda mkoani, mkoani kwenda wizara ya watoto, kutoka hapo kwenda mambo ya nje. Wao huandika noti, yaani barua isiyosema "mimi", iliyoandikwa kana kwamba wizara yenyewe inazungumza, na noti hupitia ubalozini hadi wizara ya wenzetu, kisha hushuka ngazi zilezile upande wa pili. Ni njia ya heshima na ina sababu zake. Lakini wakati noti ikitembea, kule ng'ambo afisa wa watoto alikuwa amemkuta Nasieku akichunga badala ya kusoma, akamhifadhi kwenye makao ya watoto. Yule mfanyabiashara akaenda kumdai, akijitambulisha kuwa mjomba wake. Mtoto hakujua Kiswahili cha kutosha, na siku ile aliyekuwapo wa kumtafsiria alikuwa mjomba huyohuyo. Ikaandikwa kwamba mtoto anasema anaishi kwa mjomba na ameridhika. Hakimu alikuwa ametaja siku ya kuamua. Kama asingetokea mwingine wa kumdai, angerudishwa kwa mfanyabiashara huyo. Kikao chetu kilikuwa siku nne kabla ya siku hiyo.

Nilichapa ajenda upya. Baada ya kufungua kikao niliweka Watoto, kisha Mifugo. Mkuu alizisoma akiwa amesimama.

"Nani kakwambia upange upya ajenda zangu?"

"Hakuna, Mzee."

"Mtoto si ng'ombe, Mbwambo. Mtoto ana wizara."

"Ndiyo, Mzee. Ila ng'ombe wa mama huyu aliletwa mpakani, mwenyewe akasimama, akasema. Mtoto wake amesemewa na aliyekutwa naye. Tungekubali hivyo kwa ng'ombe?"

Aligeukia dirisha. Nilisikia malori ya tangawizi yakishuka barabara kuu. Kisha akauliza wenzetu watasema nini, nikajibu kwamba sijui. Akatia sahihi.

Kikaoni palikuwa na mabishano, na wa kwetu ndio waliopinga zaidi. Mmoja alisema tunaruka wizara mbili. Aliyetuokoa alikuwa dada afisa wa watoto wa ng'ambo, yule aliyemhifadhi Nasieku, aliyekuja na shati jeupe na uchovu wa barabara ya vumbi. Alisema hataki kuruka mtu. Anataka kumsikia mtoto mbele ya mama yake, na mtafsiri asiyekuwa na ng'ombe, kisha yeye atapeleka maelezo hayo kwa hakimu kabla hajaamua. Noti iendelee na safari yake. Wakakubaliana: kesho yake, mpakani, pale panapokabidhiwa mifugo.

Kwa safari ya aina hiyo ofisi hutoa masurufu, yaani fedha unazopewa kabla ya safari na kuzitolea hesabu ukirudi. Mhasibu alikadiria gari, dizeli, dereva, maafisa wawili na siku zao za posho, akanikabidhi shilingi laki sita na elfu arobaini. Gari likaharibika asubuhi ileile. Mimi na Mama Nasieku tulipanda basi hadi Mwanga, na gari la abiria hadi Kwakoa. Njia nzima aliniuliza jambo moja tu: kama mtoto anaweza kusahau. Nilimwambia hapana, na sikuwa na kifungu chochote cha kuthibitisha.

Mtafsiri alikuwa mwalimu mstaafu wa Kwakoa anayejua Kimaa vizuri. Tulisimama kwenye kivuli chembamba cha mgunga. Mfanyabiashara alikuwapo, ameitwa na wenzetu, na kofia yake mpya. Gari la wenzetu likaja, Nasieku akashuka, amekonda, amevaa sare ya makao.

Wanaowafahamu wafugaji wanajua jinsi mtoto wao anavyoamkia. Haamkii kwa maneno. Huinamisha kichwa mbele ya mkubwa na kusubiri kuguswa utosini. Dada afisa alikuwa ameniambia kikaoni kwamba mtoto huyu ana woga, kila mtu mzima akimkaribia huinama. Sasa akaona. Nasieku alimpa kichwa mwalimu. Akanipa mimi, mara yangu ya kwanza kukigusa, kilikuwa cha moto kwa jua. Akamfikia mfanyabiashara, akampita kichwa kikiwa juu. Kisha akasimama mbele ya mama yake na kuinama, na mama akauweka mkono pale, hakuuondoa.

Dada afisa akamwomba mwalimu amuulize mtoto yule mtu ni nani wake. Nasieku alijibu kwa sauti ndogo, bila kugeuka.

"Anasema ni mwenye ng'ombe anaowachunga," mwalimu akatafsiri.

Mfanyabiashara akaanza kueleza. Dada afisa alimwambia kwa upole kwamba leo haongei yeye, na maelezo yake atayatoa polisi. Mtoto alirudi ng'ambo na dada afisa kwa siku nne, na mama, alipoliona gari likiondoka, alikaa chini vumbini. Siku ya tano amri ya hakimu ilikuwa mkononi, na dada huyohuyo alimleta Nasieku kwa gari la kazi yake hadi mlangoni petu Same. Noti ya wizara ilifika wiki nyingi baadaye. Niliigonga muhuri na kuiweka mahali pake. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana.

Tangu hapo hatukumrudisha mtoto yeyote bila kumsikia mpakani kwa lugha yake, wa Kimaa, wa Kitaita au wa kwetu, wa kwenda na wa kurudi. Ajenda ya Watoto ilibaki juu ya Mifugo hadi nilipostaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Sasa nalima bustani ndogo na kusoma. Nasieku ni mama wa watoto wawili. Tukikutana mnadani huinamisha kichwa katikati ya watu, wauza mitumba wakishangaa, nami husogeza kofia yangu kwanza, sijui kwa nini, kisha nauweka mkono.

Siku ya kuniaga walisema mengi. Ninalolikumbuka ni la mhasibu. Alisimama na soda yake, akasema katika miaka yake yote amemwona Mpare halisi mmoja tu, Mbwambo, bahili hata kwa fedha za serikali. Safari ya mpakani ilimgharimu nauli za watu wawili kwenda na kurudi, shilingi elfu kumi na sita, na kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa dirishani kwake kurejesha masurufu: shilingi laki sita na elfu ishirini na nne.