Fulana ya Familia

Scolastica hakufukuzwa kazi kwa uvivu. Nalisema hili mapema, maana hapa Nsemulwa kuna midomo, na wengine wameshaanza kutunga ya kwao.

Alikuwa kwenye kampuni moja ya teknolojia hapa Mpanda, wale wenye programu ya simu ya kuwaonyesha wakulima bei ya mpunga. Mtu wa Mwamkulu akikwama, anampigia Scolastica. Mtu wa Kasansa akisahau namba ya siri, ni Scolastica huyo huyo. Jumapili ametoka kanisani, anaitwa. Akilalamika, meneja wao Nashon anamjibu, "Sisi hapa ni familia, dada." Wakapewa na fulana za kijani zimeandikwa mgongoni: SISI NI FAMILIA. Kila Ijumaa wanazivaa, wanawekewa muziki, wanarekodiwa wakicheza, video inapelekwa kwa wakubwa Dar. Watu wazima na watoto wao!

Sasa mtoto wake Upendo alikuwa anabaki na nani muda wote huo? Na Bibi Dorotea, mjane wa nyumba ya jirani. Yeye ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akambeba hadi zahanati homa ilipompanda. Kampuni ile imekula jasho la bibi yule miaka yote na hata jina lake haikulijua.

Bibi akafariki Ijumaa asubuhi. Scolastica alikuwa ameshavaa fulana yake aende kazini kilio kilipoanza. Akaivua, akaitupia begani, akajifunga kanga, akaja kusimamia jiko, maana huku kwetu jirani akifa wanawake wa mtaa ndio wanaopika mpaka azikwe. Akampigia Nashon pale pale uani, sisi tukichambua maharage, sauti ya simu ikiwa juu.

"Bosi, leo siji. Nimefiwa."

"Pole sana, dada. Umefiwa na nani?"

"Jirani yangu. Ndiye aliyenilelea mtoto."

"Mfumo wetu wa ruhusa hauna jirani. Una mzazi, mume na mtoto, basi. Wewe andika mama, nitakupitishia."

"Mama yangu yuko hai, bosi, yuko shambani. Nimuue yeye ili nimzike jirani?"

"Usinitafutie lawama. Leo kuna video. Njoo ucheze kidogo, halafu utarudi kwenye msiba wako. Usipokuja, kazi basi."

Acheze! Maiti iko ndani, yeye akakate kiuno mbele ya kamera ili Dar waone wafanyakazi wana furaha! Nilitaka kumpokonya simu nimpe huyo bwana vidonge vyake, lakini Scolastica alishaikata. Maharage yalipoiva, akaichukua ile fulana, akaikunja, akaepulia nayo sufuria. Akaendelea kuepulia nayo mpaka tulipomaliza kuzika Jumamosi.

Jumatatu akaambiwa kazi hana, ila arudishe mali ya kampuni, simu na fulana. Nilimsindikiza. Nilimwambia angalau aifue, akakataa.

Nashon aliishika kwa ncha za vidole, masizi yakamwagikia mezani.

"Ndiyo nini hii, dada?"

"Masizi ya msibani," Scolastica akasema. "Nyie hamkuja, bosi. Fulana yenu ilikuja."